Makapu Chini ya Sinki

Bafu la nyumba ile ya mji wa Ibra, Omani, lilikuwa moja, na watu wa kulitumia walikuwa sita. Marehemu mzee aliijenga nyumba aliporudi kutoka Unguja, wakati watoto wake wangali wadogo, na hakufikiri kwamba ipo siku chumba kile chembamba, ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta mbili, kitatakiwa kubeba shampuu za wajukuu, taulo za kila mtu, sabuni za kufulia, dawa za kusafishia choo na vitu vya mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa Bi Khole, mjane wake. Alivunjika nyonga mwaka uliopita, akafanyiwa operesheni, na tangu hapo hutembea kwa fremu ya chuma na huogeshwa na Basma, mkaza mwanawe. Sukari nayo alikuwa nayo miaka mingi. Ilikuwa imemfifisha macho na kumtia ganzi miguuni, hata akikanyaga kitu kikali hajui mpaka mtu amwambie.

Basma alikuwa amechoka na makapu. Yalikuwa chini ya sinki, juu ya tangi la choo na nyuma ya mlango, yamepandana mpaka mlango wenyewe, unaofungukia ndani, ulikuwa haufunguki zaidi ya nusu. Jioni ya Alkhamisi aliingia na futikamba, akapima kila ukuta, akaja sebuleni na karatasi na kuanza kuchora.

"Khattab, tazama plani yangu," alimwambia mumewe. "Juu ya choo tunaweka kabati la milango miwili. Juu ya sinki, la kioo. Nyuma ya mlango tunaweka jembamba refu, kina chake shubiri tu. Yote ya alumini, mbao zitavimba. Chini hakubaki kitu, tunapata speisi."

Bi Khole alikuwa kwenye kochi na kikombe chake cha kahawa. Aliuliza bila ya kugeuka, "Speisi ndiyo nini?"

"Nafasi, Mama."

"Basi sema nafasi."

Basma alirudi kwenye karatasi yake. Kwao walitoka Tabora, na Kiswahili cha bara alichokuja nacho katika nyumba ile kilikuwa kinasahihishwa tangu siku ya harusi.

"Na kapu langu la chini ya sinki?" Bi Khole aliendelea.

"Vitu vyako tutavipandisha juu ya choo, Mama. Vitakaa vikavu."

"Mkono wangu unafika juu ya choo?"

"Nitakupa mimi kila ukitaka."

"Sitaki kupewa." Sauti yake ilipanda ghafla, na kila mtu akamtazama. "Kapu langu asiliguse mtu. Na hizo drili zenu msinitobolee ukuta wa marehemu."

Kuruthum, binti yake aliyekuwa mwalimu na bado akiishi pale, alimkonyeza wifi yake anyamaze. Khattab aliikunja karatasi. "Khalas," alisema, "tutazungumza nikirudi." Alfajiri alikuwa anakwenda Nizwa na watoto kwenye mnada wa mbuzi, na alikuwa hataki kulala na ugomvi.

Kwa hivyo asubuhi ya Ijumaa nyumba ilibaki na wanawake watatu. Kuruthum alikuwa jikoni anachambua mchele. Basma alimwingiza Bi Khole bafuni, akamkalisha juu ya kiti cha plastiki chini ya bomba la mvua, upande wa mwisho kabisa, akaisimamisha fremu karibu na choo na kufunga mlango. Hakuna aliyetaja kabati. Alimmwagia maji ya vuguvugu, akamsugua mgongo, akamwosha nywele nyeupe zilizobaki chache, na mama mkwe akawa anatoa amri zake za kila siku: hapa bado, hapa taratibu, hapo sabuni imeingia jichoni.

"Mafuta ya nazi yamo kapuni mwangu," alisema mwisho. "Juu juu tu. Usichimbechimbe."

Basma aliinama chini ya sinki na kulivuta kapu kwake.

Alisikia sauti kabla ya kuona. Ilikuwa kama ya mafuta ya moto yanapodondokewa na maji, na jambo la mwanzo alilofikiri ni kwamba bomba la chini limepasuka. Alisogeza kichwa atazame. Baina ya ukuta na bomba, pahala kapu lilipokuwa, alikuwepo nyoka.

Hakuwa mkubwa. Urefu wake kama wa mkono wa mtu, mwembamba, rangi ya mchanga wa jangwa la Bidiya, na mgongoni ana madoa meupe. Alikuwa amejikunja mikunjo mikunjo, na ile mikunjo ilikuwa inasuguana bila ya kusita, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa sauti. Kichwa kilikuwa katikati, kimetulia, kinamtazama.

Basma hakupiga kelele. Baadae alipoulizwa kwa nini, alisema sauti ilikuwa haipo, kama mtu anayefungua mfereji na maji yamekatwa. Alirudi nyuma nusu hatua, akarudi nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa magoti ya Bi Khole.

"Una nini wewe?" Bi Khole aliuliza. "Mafuta yako wapi?"

"Mama, usitikise miguu."

"Kuna nini?"

"Usitikise tu, nakuomba."

"Sema. Mimi si mtoto."

"Nyoka," Basma alinong'ona. "Chini ya sinki."

Bi Khole alikuwa hamwoni, macho yake hayakufika huko. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na sauti ile aliisikia. Mkono wake wa maji ulimshika Basma begani na kukaza. Midomo ilianza kusoma, kisha akakumbuka pahala alipo, kwamba chooni Kurani haitamkwi, akaifumba midomo na kuendelea kusoma moyoni. Basma aliona kifua chake kinavyopanda na kushuka chini ya kanga iliyorowa.

Nyoka alijifungua. Hakwenda mbele kama nyoka wengine, alikwenda ubavuubavu, anajirusha mwili upande, na kwenye vigae vya maji alikuwa anateleza na kujikusanya tena. Alipita mbele ya sinki, akafika mlangoni, akajaribu kuingia chini ya mlango na akashindwa. Hapo akajikunja tena na ile sauti ikaanza upya.

Sasa alikuwa baina yao na mlango.

"Kuruthum," Basma aliita. Sauti ilitoka ndogo. Akaita tena kwa nguvu, "Kuruthum! Usifungue mlango!"

Nyayo zilikuja mbio. "Mama ameanguka?"

"Usifungue! Kuna nyoka hapo, mbele ya mlango. Piga simu kwa watu wa uokozi. Usiguse kitasa!"

Kuruthum alikuwa anaogopa hata mijusi ya ukutani. Walimsikia anapumua kama aliyepanda ngazi nyingi, kisha walimsikia anazungumza Kiarabu kwenye simu, maneno yakigongana, anatoa jina la mtaa, anarudia jina la mtaa. "Wanakuja," alisema mwisho akiwa analia. "Wamesema mkae mbali naye. Mko mbali?"

Basma alitazama. Chumba kizima angeweza kukivuka kwa hatua nne. "Tuko mbali," alisema.

Wakangoja. Maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye bomba la mvua yalikuwa yanaanguka juu ya kichwa cha Bi Khole, na Basma hakuthubutu kunyoosha mkono kuyafunga. Bi Khole alianza kutetemeka. Kwanza mabega, kisha mapaja, kisha kiti chenyewe kikawa kinagongagonga vigae kwa sauti ndogo ya haraka. Kila kiti kilipogonga, kichwa cha nyoka kiligeuka.

"Mama, jitahidi utulie."

"Natetemeka mwenyewe? Ni baridi." Kisha kwa sauti ya chini, ambayo Basma hakuwahi kuisikia kwake, "Naogopa, mwanangu."

"Hata mimi."

"Wewe unaweza kuruka. Panda juu ya choo, ukanyage sinki, utafika mlangoni. Kimbia, uniache hapa."

"Sikuachi."

"Basma, una watoto wadogo."

"Mama, nyamaza."

Hakuwahi kumwambia neno hilo kabla.

Labda ni mtetemo wa kiti uliomsumbua nyoka, labda ni Kuruthum aliyekuwa anatembea huku na huku nje ya mlango. Alijifungua tena, na safari hii aliufuata ukuta, akija kwao. Chini ya kiti cha Bi Khole, kwenye pembe, kulikuwa na tundu la kutolea maji, na sakafu yote ilikuwa imeinamia huko. Basma alielewa kwamba nyoka anatafuta pa kutokea na kwamba njia yake inapita baina ya miguu ya mama mkwe.

"Nyanyua miguu," alisema.

"Haunyanyuki huu wa nyonga. Unajua."

Basma alitupa macho. Ndoo ilikuwa imejaa maji. Kopo halifai. Fremu ya chuma ina matundu. Ukutani, nyuma yake, lilitundikwa beseni kubwa la kufulia. Alilitoa kwenye msumari, akalishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, mdomo wake ukitazama chini. Nyoka alifika kwenye mguu wa kiti. Alinyanyua kichwa.

Basma alilishusha beseni kwa uzito wake wote.

Katika dakika ile ile nyoka alichomoka. Basma aliona kitu kinaruka, cha haraka kuliko jicho, na akasikia tap, kama kidole kinavyogonga plastiki. Kisha mlio ule wa mafuta ulisikika kutoka ndani ya beseni, mkubwa zaidi, unavuma. Basma alilala juu ya beseni kwa kifua, akanyoosha mkono, akaikokota ndoo ya maji na kuipandisha juu.

"Yumo ndani," alisema. "Mama, yumo. Amekuuma?"

"Hapana. Sikuhisi kitu."

"Simama. Twende."

Sakafu ilikuwa imeinama, na kuelekea kwenye tundu vigae vilikuwa na mfereji mdogo wa kupitisha maji. Ukingo wa beseni ulikaa juu ya mfereji ule, ukaacha uwazi wa upana wa kidole. Basma aliuona akiwa ameshamtia Bi Khole mkono kwapani. Pale kwenye uwazi kulikuwa na kitu kinasogea, rangi ya mchanga.

Alimnyanyua mzee yule, aliyekuwa mzito kuliko yeye, kama anavyonyanyuliwa mtoto kitandani. Hakumpa fremu. Walipita kando ya beseni wakiwa wamekumbatiana, uso kwa uso, nyayo za Bi Khole zikiburuta. Walipofika mlangoni, makapu ya nyuma yake yaliuzuia. Ulifunguka nusu tu, na nusu hiyo haikuwatosha wawili.

"Vuta!" Basma alipiga kelele. "Kuruthum, mvute Mama!"

Kuruthum, aliyeogopa mijusi, alitia mikono ndani na kumkamata mama yake popote alipopata, kwenye kanga, kwenye nywele, na kuvuta. Basma alisukuma kwa bega. Makapu yaliporomoka, chupa zikabingirika sakafuni, na Bi Khole akatoka kama kizibo, wakaangukiana ukumbini wanawake watatu. Basma alirudi kwa magoti akaufunga mlango. Kuruthum alivua mtandio wake, akausokota na kuutia chini ya mlango, akaubana kwa kiti.

Walimpeleka Bi Khole chumbani na kumlaza. Ghafla alianza kucheka. Kuruthum naye akacheka, machozi yakimtoka, na Basma, akiwa amepiga magoti chini na kanga kavu anampangusa mama mkwe miguu, alihisi kicheko kinamjia na yeye. Aliikunja kanga apanguse mguu wa pili, na akaona nyekundu.

Alifikiri ni hina. Kisha akakumbuka kwamba Bi Khole hajatia hina tangu operesheni.

Alikigeuza kisigino kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa nje kulikuwa na vitone viwili, vidogo kama vya sindano, vimekaribiana. Alivipangusa. Damu ilirudi. Akavipangusa tena, akabana kwa kidole, akahesabu moyoni, akaachia. Damu ilirudi, nyepesi.

"Mama, kisigino hiki kinakuuma?"

"Hakiniumi kitu."

"Hata kidogo?"

"Ningekwambia." Kicheko kilikuwa bado usoni mwake. Kisha alimtazama Basma, na kikaondoka.

Gari iliyobaki nyumbani ilikuwa moja, na Kuruthum hajui kuendesha. Walimbeba Bi Khole mpaka kiti cha nyuma, wakamlaza, wakaweka mito pembeni mwa mguu ili usitikisike. Basma alivaa abaya juu ya nguo iliyorowa. Kuruthum alisimama kwenye mlango wa nyumba, uso mweupe.

"Na wale watu wakija? Nani atawaonyesha?"

Basma alikuwa ameshashika usukani.

"Nitabaki mimi," Kuruthum alisema. "Nendeni. Nendeni, yallah!" Akarudi ndani peke yake, ukumbini, akakaa mbele ya mlango ule.

Barabara za Ibra asubuhi ya Ijumaa huwa tupu, lakini kwa Basma kila taa ilikuwa nyekundu. Alikuwa anamtazama mama mkwe kwenye kioo. Damu ilikuwa imeshapenya kwenye kanga aliyomfunga kisiginoni, na mguu ulikuwa umeanza kunenepa juu ya kifundo.

"Basma," Bi Khole aliita.

"Naam, Mama. Tunafika."

"Lile kapu langu."

"Achana na kapu, Mama."

"Nisikilize, nina pumzi bado." Alimeza mate. "Chini kabisa, chini ya kanga, kuna mfuko mweusi. Kuna pampasi. Za wakubwa."

Basma aliyakaza macho barabarani.

"Tangu operesheni sijizuii. Wa famasia ananiletea mlangoni mkiwa makazini. Nikitaka kuoga nazivua kabla hujaja, nazifunga, nazitia chini ya taka nyingine kwenye pipa. Ndiyo maana sikutaka kabati lako. Ukiziweka juu, kila nikitaka itabidi niseme, na nyumba nzima isikie. Nikifa, zitoe wewe kabla hawajaja wa kuosha. Khattab asizione."

"Hufi," Basma alisema. Machozi yalikuwa yanamfichia barabara, na alikuwa anayafuta kwa mkono wa abaya. "Hufi, Mama. Mimi nakuogesha kila siku. Ungeniambia mimi."

"Kwa sababu unaniogesha kila siku ndiyo sikukwambia."

Hospitalini walimpokea kwa kiti cha magurudumu. Daktari wa zamu, Azza, msichana wa Sur mwenye sauti ya taratibu, alivitazama vitone, akauliza rangi ya nyoka na sauti yake, na Basma alipoieleza ile sauti, daktari aliacha kuandika. Alitoa damu, akaitia katika kichupa cha kioo, akakiweka juu ya meza karibu na kitanda.

"Tunangoja igande," alisema. "Damu isiyo na sumu inaganda. Tusiisumbue."

Basma alikaa akikitazama kichupa. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuogopa kitu kidogo kiasi kile. Khattab, aliyepewa habari na Kuruthum, alipiga simu mara tatu, alikuwa ameshatoka Nizwa na yuko njiani, Izki, na kila mara alikuwa anauliza lile lile, na Basma anajibu lile lile: tunangoja. Aliporudi daktari alikichukua kichupa na kukiinamisha. Damu ilimiminika upande mmoja kama maji ya zabibu.

"Haijaganda," alisema kwa Kiarabu, na akaita muuguzi. "Tunaanza dawa sasa hivi."

Waliitundika dawa ya sumu, ikaanza kuingia tone kwa tone. Walimwambia Basma kwamba dawa yenyewe inaweza kumpandisha mgonjwa vipele au kumbana pumzi, amtazame asimwache. Alimtazama. Aliona ufizi wake unaanza kutoa damu kando ya meno, uzi mwembamba, na Bi Khole akiulamba bila ya kujua. Aliona uvimbe unapita kifundo na kuelekea goti. Muuguzi alichora mstari wa kalamu juu ya ngozi kuonyesha ulipofika, na kila Basma alipotazama, uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari.

Kuruthum alipiga simu. Watu wa uokozi wamefika, wamemkuta nyoka bado yumo bafuni, nje ya beseni, nyuma ya makapu yaliyoanguka. Wamemkamata kwa koleo ndefu, wamemtia chupani, wamemchukua.

"Alhamdulillahi," Basma alisema.

"Basma." Sauti ya Kuruthum ilikuwa haijapoa. "Wamenionyesha lile bomba la chini ya sinki. Pembeni mwake kuna tundu, mkono wangu unaingia. Waliniuliza kama ninajua nyoka alikuwa mmoja tu. Nitajuaje mimi? Nimehamia kwa jirani. Siingii."

Khattab alifika na vumbi la safari, watoto amewaacha kwa jirani huyo huyo. Alimbusu mama yake kichwani na mkononi, akataka kusema kitu, akashindwa, akasimama kando ya dirisha. Kichupa cha pili kiliwekwa mezani. Kikainamishwa. Damu ilikuwa nzito kidogo, lakini ilitembea. Dawa ikaongezwa. Adhuhuri ilipita, na alasiri. Bi Khole alikuwa anasinzia na kuzinduka, na kila akizinduka alikuwa anatafuta mkono, na mkono aliokuwa anautafuta ulikuwa wa Basma.

Magharibi ilikuwa inakaribia daktari Azza alipokuja na kukichukua kichupa cha tatu. Alikiinamisha. Akakipindua kabisa, mdomo chini. Damu ilibaki pahala pake, imeshikana na kioo.

Khattab alifunika uso kwa kilemba chake, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Bi Khole alikaa hospitali mpaka uvimbe ulipopungua. Siku moja, Khattab akiwa ametoka kununua maji, alimwambia Basma, "Lete ile karatasi yako."

Basma aliitoa mkobani. Walichora upya, vichwa vimekaribiana, na Bi Khole akawa anaweka kidole mahali ambapo macho yake hayaoni vizuri. Kabati lake litakuwa ukutani karibu na choo, usawa wa kiuno chake akiwa amekaa, na mlango wenye ufunguo. Ufunguo wa pili atakuwa nao Basma. Mlango wa bafu ugeuzwe, ufungukie nje. Kila tundu la bomba litiwe saruji, na la kutolea maji lifungwe wavu wa chuma. Na chini ya sinki pasikae kitu, hata kopo.

"Na ukuta wa marehemu?" Basma aliuliza.

"Utoboeni," alisema Bi Khole. "Marehemu angeutoboa mwenyewe."

Fundi alifanya kazi wiki mbili, na wiki hizo wote walikuwa wanakwenda kuoga kwa jirani, Kuruthum akiwa wa mwanzo kutoka nyumbani na wa mwisho kurudi. Makabati yalipokwisha yalikuwa meupe, madogo, milango inafunga kwa sumaku, na sakafu ilionekana yote, pembe mpaka pembe, kama chumba cha watu wengine. Watoto walishangilia. Basma aliupanga mfuko mweusi ndani ya kabati la chini siku ambayo hakuna mtu nyumbani, akafunga kwa ufunguo.

Lakini woga haukuondoka. Alipowasha taa alisimama kwanza kizingitini. Alipokuwa anafungua kabati alilifungua kwa ncha ya kidole, mwili wake ukiwa nyuma. Sufuria ikichemka jikoni, mafuta yakigusana na maji, aligeuka kutazama sakafuni.

Siku ya kumwogesha Bi Khole kwa mara ya kwanza humo ndani, alimwacha ukumbini ameshika fremu yake, akaingia na tochi ingawa taa ilikuwa inawaka. Aliinama, akamulika chini ya sinki, nyuma ya choo, wavu wa pembeni. Alifungua kila kabati. Alitoka.

"Umetazama?" Bi Khole aliuliza.

"Nimetazama, Mama. Hakuna kitu."

"Nyuma ya choo?"

"Nimetazama."

Bi Khole alisogeza fremu mpaka kizingitini na akasimama. Alimshika Basma mkono, kwa nguvu zile zile alizomshika nazo begani siku ile.

"Tazama tena, mwanangu."

Basma aliiwasha tochi, akaingia tena.